Pengo Lililohamia Ngara

Jumanne saa tatu asubuhi Madam Jackie aliwaita mafundi wake wawili kwenye chumba kipya cha ofisi ya Hurlingham, akawaambia wasiketi kwa sababu hawatakaa sana. Ukutani kulikuwa na skrini pana kuliko mlango. Kwenye skrini kulikuwa na ramani ya jiji, na juu ya ramani vitone arubaini na kimoja, vyote vya kijani. Kila kitone kilikuwa mtambo mmoja wa kampuni, sanduku la chuma lililofungiwa kwenye besimenti au chumba cha stima cha jengo fulani.

Awiti alivitazama. Ile mitambo aliijua kwa harufu. Wa Ngara ulinuka kitambaa kipya, kwa sababu besimenti yake iko chini ya stoo ya jora. Wa Loresho ulinuka nyasi zilizokatwa. Hapa ukutani yote ilikuwa sawa, na haikunuka chochote.

Kiema, mhandisi aliyeletwa na wauzaji wa mfumo huo, alieleza kwa upole kwamba kuanzia sasa mtu mmoja akiketi kwenye kile kiti ataweza kuuliza mtambo wowote una joto gani, betri yake ina nguvu gani, na akitaka ataizima kadi, kile kibao cha ndani kinachobeba kazi yote, na kuiwasha tena kwa kubofya. Hakuna tena kuandika jina kwenye kitabu cha soja. Hakuna kushuka ngazi na tochi mdomoni.

"Na vumbi?" Mzee Gerishon, fundi mwenzake Awiti, akauliza.

"Vumbi gani, mzee?"

"Nani atapangusa."

Kiema alitabasamu. Madam Jackie hakutabasamu. Alisema Ijumaa wateja watano wakubwa watakuja kuona kwa macho yao. Atazima kadi kuu ya mtambo mmoja kutoka hapa, na kadi ya akiba itachukua kazi yote bila simu ya mtu yeyote kukatika. Amechagua Ngara kwa sababu ndio mtambo wa zamani kuliko yote. Ngara ikipita, hakuna atakayeuliza zaidi. Baada ya hapo kampuni itabaki na fundi mmoja wa kukaa kwenye kiti. Mwingine atapewa barua yake na mshahara wa mwezi mmoja.

"Ngara ni ya nani?" akauliza, ingawa alijua.

"Ni yangu, Madam," Awiti akasema.

"Basi Ijumaa ndiyo intaviu yako."

Gerishon alitazama viatu vyake. Yeye na Awiti walikuwa wakijua jambo ambalo ile skrini haikulijua. Mtambo wa Ngara ulikuwa na kadi moja tu. Mahali pa ile ya akiba palikuwa na kifuniko cha plastiki, na kwenye kifuniko kikaratasi kilichofungwa kwa uzi, chenye mwandiko wa Awiti mwenyewe: *Imeenda Loresho. 14 Aprili.* Wakati wote Madam Jackie alipokuwa akiongea, Awiti aliogopa, lakini chini ya hofu kulikuwa na kitu kingine kilichomwasha kama kiroboto. Kadi haipo. Mbona Ngara ni kijani?

*

Nyumbani Kangemi, Dalmas alikuwa amempikia mtoto uji na kuupoza kwa kuuhamisha vikombe viwili, huku na huku. Dalmas ni fundi wa vigae. Nyumba aliyokuwa akiiwekea sakafu kule Loresho ilikuwa imesimamishwa, mwenye nyumba amesafiri, na wiki ya tano ilikuwa inaisha. Ivyne, wa mwaka mmoja na miezi minne, alikuwa na kifua kinachomsumbua kila baridi ikiingia, na kadi ya hospitali waliyoitumia ilitoka kazini kwa Awiti. Hilo hawakuwa wakilisema kila siku. Lilikaa tu pale mezani kama chumvi.

Awiti alimweleza mumewe yote, akiwa amemshika mtoto kwapani na kijiko mkononi.

"Ngoja kwanza," Dalmas akasema. "Hiyo sanduku inafanya nini haswa? Miaka mbili nakusikia na hiyo maksi yako, sijawahi elewa."

Basi akamwambia. Sanduku, ambalo mafundi huliita maksi, linachukua simu na data za watu mia nne, kila mmoja na mambo yake, linawapitisha wote kwenye uzi mmoja wa kioo mwembamba kama unywele. Upande wa pili sanduku lingine linawatenganisha, kila mmoja anatoka alivyoingia.

"Kama bomba ya maji inaingia ploti, halafu kila nyumba na mfereji yake."

"Sasa maji yanachanganyika. Hapa hayachanganyiki. Ukitia yako na Mama Ryan wa hapa jirani atie yake, huko mbele yako inatoka yako."

"Mpaka ile ya Mama Ryan yenye sabuni?"

"Inatoka na sabuni yake."

Dalmas akacheka, akatikisa kichwa. "Na hiyo kadi ya pili, ya akiba. Yenyewe inafanya kazi gani?"

"Haifanyi. Inakaa tu, imewaka, inangoja ya kwanza ianguke."

"Inakaa tu na inalishwa stima."

"Eeh."

"Mimi niko hivyo tangu mwezi wa tano na hakuna mtu ananiita ya maana."

Alisema kwa mzaha, lakini Awiti aliacha kumlisha mtoto kidogo, akamtazama. Kisha Dalmas akauliza lile alilokuwa akilizunguka: kwani Awiti hawezi kwenda Loresho akaitoa ile kadi, akairudisha Ngara mpaka Ijumaa ipite? Si ni yake. Ni yeye aliyeipeleka.

Awiti alisema ndiyo, inawezekana, ni skrubu nne. Hata yeye alikuwa ameshafikiria. Akampangusa mtoto mdomo, na jambo likakaa hivyo, kama limekubaliwa.

*

Jumatano asubuhi alimpigia Mzee Gerishon, aliyekuwa akiishi Kinoo kwenye shamba la baba yake, na kabla hajamaliza salamu Gerishon akamwambia neno lile lile. "Toa ya Loresho, weka Ngara. Jumatatu unarudisha. Nani atajua, Mama Ivyne?"

"Na wewe? Nikipita mimi, wewe unaenda nyumbani."

Kwenye simu kulikuwa na kuku wakilia. Gerishon alisema yeye ana kahawa mashina sitini na magoti mawili mabovu. Kisha sauti ikapungua, akasema jambo moja tu analoomba: hayo mambo ya kadi yasifike kwa Jackie. Miaka ishirini na sita kazini ni mingi, na hataki kuandikiwa barua inayosema kadi zilipotea mikononi mwake.

Ni yeye aliyemfundisha Awiti desturi ile. Kampuni haikuwa na kadi za ziada stoo. Ukiomba unajaza fomu, na fomu haijibiwi. Kwa hiyo mtambo ukiwa hatarini, fundi anaenda kwenye mtambo uliotulia, anaazima kadi yake ya akiba, na mahali pake anafunga kikaratasi: imeenda wapi, lini. Hakuna kitabu. Vikaratasi ndivyo kitabu, na vinasomwa na anayeshuka ngazi tu. Aprili, Gerishon akiwa kwenye mazishi ya kaka yake, Awiti ndiye aliyemshikia zamu. Mvua ilinyesha siku tatu na mtambo wa Loresho ukazimika mara mbili, nao ulikuwa na kadi moja. Wenye nyumba za Loresho walipiga simu ofisini kila nusu saa. Ngara haikuwa imepiga simu hata siku moja. Basi akaazima ya Ngara.

Kule Loresho soja alimfungulia, akamsalimu, akamuuliza habari za mtoto. Awiti alipiga magoti mbele ya mtambo na bisibisi. Alipofungua mlango mdogo wa mbele, kikaratasi cha zamani kikaanguka kutoka chini ya kadi, kilikuwa kimebanwa hapo tangu alipoichomeka kwa haraka wakati wa mvua. Mwandiko wa Gerishon: *Imeenda Kilimani. Novemba.*

Alikaa chini sakafuni. Alikuwa akijua Loresho ilikuwa na kadi moja Aprili. Hakuwahi kujiuliza ya pili ilienda wapi. Alijiambia atoke hapo na kadi, aende Ngara, afunge skrubu nne, basi. Lakini Kilimani haiko mbali, na alitaka kuona tu, basi akaiacha kadi mahali pake.

Kilimani, kadi zilikuwa mbili. Nyuma ya ile ya akiba, kikaratasi: *Imeenda Westlands. Wakaguzi wanakuja.* Westlands, zilikuwa mbili pia, na kikaratasi kilichogeuka rangi ya chai: *Imeenda Hurlingham.* Tarehe ilikuwa ya miaka mitatu nyuma, kabla hata hajaajiriwa. Saa nane mchana alikuwa kwenye besimenti ya ofisi yao wenyewe, chini kabisa ya miguu ya Madam Jackie, akiufungua mtambo ambao wakubwa walikuwa wakiwaonyesha wageni. Kadi mbili, zinang'aa. Nyuma ya moja: *Imeungua. Iko stoo, itengenezwe.*

Hapo ndipo alipoelewa. Alikuwa akidhani anafuata kadi. Kumbe anafuata pengo. Kadi moja iliungua Hurlingham, na badala ya kutengenezwa, pengo lake likahamishwa Westlands, likatolewa Westlands likapelekwa Kilimani, kisha Loresho, na yeye ndiye aliyelibeba akalishusha Ngara. Kila mara liliondolewa kwa watu wanaojua nambari ya meneja, likapelekwa kwa watu wanaopiga kelele kidogo kuliko hao. Na kutoka Ngara hapakuwa na pengine pa kulipeleka. Pale ndipo lilipofika kwa wasiojua hata kwamba wana kadi.

Stoo, Mbuthia mtunza stoo alikuwa anakula mihogo. Awiti alimuuliza kuhusu kadi iliyoungua, hakutarajia kitu. Mbuthia aliinuka bila haraka, akashusha boksi kutoka rafu ya juu. Kadi ilikuwa ndani, na fomu ya matengenezo imekunjwa juu yake. Fomu ilihitaji sahihi mbili. Ya Gerishon ilikuwepo. Ya meneja haikuwepo.

"Nilipeleka mara nne," Mbuthia akasema. "Mara ya tano nikaambiwa nisilete karatasi zangu kwa meza ya watu."

*

Usiku huo Awiti alisema hataitoa ya Loresho, atampelekea Madam Jackie vikaratasi, na Dalmas alikasirika. Hakupaza sauti, kwa sababu ya mtoto, ila alikiosha kikombe kimoja kwa muda mrefu sana. Alisema alidhani wamekubaliana. Alimuuliza kama Loresho au Ngara ndio watamlipia Ivyne daktari.  Awiti alimwambia tu njia aliyoipita, jengo kwa jengo, kikaratasi kwa kikaratasi, na alipofika Westlands akanyamaza.

Dalmas aliweka kikombe chini. "Halafu?"

"Si umekasirika."

"Nimekasirika. Hiyo ya kwanza kabisa ilitoka wapi?"

*

Alhamisi Madam Jackie alisikiliza akiwa amesimama. Vikaratasi vinne vilikuwa mezani, na boksi la kadi, na fomu. Kiema alikuwa pembeni, na ndiye aliyejibu lile swali lililomwasha Awiti tangu Jumanne. Siku ya kwanza, alisema, mfumo uliuliza kila mtambo: una nini ndani? Ngara ikajibu, nina kadi moja. Mfumo ukaandika, sawa, Ngara ni mtambo wa kadi moja. Tangu hapo unaangalia kama hiyo moja iko hai. Iko hai, basi ni kijani.

"Kwa hivyo haudanganyi," Awiti akasema taratibu.

"Haudanganyi. Mfumo uliamini ulichokikuta." Kiema alionekana kama mtu aliyeonja kitu kizuri. "Mimi ningehitaji hizo karatasi kabla ya kuuwasha. Hakuna mtu aliniambia ziko."

Madam Jackie alimwomba Kiema atoke kidogo. Mlango ulipofungwa aliinua ile fomu, akaitazama nafasi ya sahihi, akairudisha chini, uso chini. Miaka mitatu iliyopita meneja alikuwa yeye. Hakusema hilo. Alisema wateja wameshaalikwa na bosi wake wa juu atakuwepo. Atazima Kilimani badala ya Ngara, hakuna ubaya. Kutoa mali ya kampuni mahali bila ruhusa ni kosa la kufukuzwa, Awiti anajua, na Gerishon pia. Lakini watu wanaweza kusaidiana.

"Kesho wewe utashughulika na chai," akasema. "Ukitulia, Jumatatu tutaongea mambo ya kiti. Nimefikiria ni wewe."

Awiti alisema ahsante, Madam. Alijisikia akisema. Huko nje kwenye korido ndipo aliposimama kutafuta ni kitu gani alichoshukuru.

*

Ijumaa wageni watano waliketi mbele ya skrini. Awiti alipita katikati yao na chupa ya chai, amevaa aproni ya mhudumu wa ofisi ambayo haikumfika magotini. Bosi wa juu alimwonyesha kikombe chake bila kumtazama. Gerishon alikuwa nyuma ya chumba, amevaa koti la kanisani.

Madam Jackie alibofya. Kwenye Kilimani, kadi kuu ikazimika, ya akiba ikachukua. Kitone kilipepesa mara moja, kikarudi kijani. Kiema alikuwa amepiga simu kwa mtu wa Kilimani na kuiweka sauti juu, na yule mtu aliendelea kueleza habari za mbwa wake bila kukatika hata neno. Wageni walipiga makofi. Ilikuwa nzuri kweli. Hata Awiti, na chupa yake, alisahau kwa nusu dakika kwamba anaogopa.

Kisha mama mmoja wa miaka kama sitini, Sister Wamucii, aliyekuwa na zahanati ya kujifungulia akina mama pale Ngara, akainua mkono. Alisema amefurahi, lakini yeye Kilimani hana mtu. Ngara yake iko vipi?

"Ziko sawa zote, Sister," Madam Jackie akasema. "Unaiona hapo. Kijani."

Sister Wamucii aliangalia kitone. Akageuka kupokea chai yake, na alipomwona aliyeishika, akakunja uso akikumbuka.

"Si ni wewe huwa unaingia hapo kwetu chini na tochi?"

"Ni mimi, Sister."

"Basi niambie wewe uliyeiona. Yangu ni kama hiyo ya Kilimani?"

Awiti alikuwa na kikombe mkononi. Alifikiria kifua cha Ivyne, na kiti, na Gerishon kule nyuma katika koti lake. Aliweka kikombe mezani kwanza, kisimwagike.

"Hapana," akasema. "Yako ina kadi moja. Ya pili niliitoa mimi, mwezi wa nne. Hii moja ikianguka, nyinyi mnazimika mpaka mtu afike."

 Bosi wa juu sasa alikuwa anamtazama, aproni na yote. Sister Wamucii aliuliza, bila ukali, kama mtu anayeuliza dawa imechanganywa na nini, kwa nini aliitoa. Awiti akaanza kueleza, akaishia Loresho, asijue kama ataje wengine. Ndipo kiti kikakwaruza sakafu nyuma.

"Zile karatasi nne za kwanza niliandika mimi," Mzee Gerishon akasema. "Huyu nilimfundisha. Kama ni kuuliza, niulizwe nimeketi, magoti yangu hayawezi."

Waliongea dakika arubaini. Kiema aliandika kwenye mfumo kwamba Ngara inapaswa kuwa na kadi mbili, na mbele ya watu wote kitone kikawa manjano. Sister Wamucii alisema afadhali hivyo, sasa anaona anachokilipia. Bosi wa juu aliomba fomu. Mbuthia aliileta mwenyewe, ameipangusa mihogo, na bosi wa juu aliisoma tarehe, akamtazama Madam Jackie, akatia sahihi yake mahali ambapo ya Jackie ingekuwa. Kalamu haikuchukua hata sekunde tatu.

*

Jumatatu kila fundi alipewa barua ya onyo. Kiti alipewa Gerishon. Awiti alipewa mkataba wa miezi sita wa kutembelea mitambo yote arubaini na mmoja, afungue kila mlango, auambie mfumo kilichomo na kilichopaswa kuwemo. Mshahara ulikuwa chini kidogo ya ule wa kwanza. Aliusoma ukurasa kwa ukurasa, kama alivyofundishwa kwenye masomo ya jioni, akiweka kidole chini ya kila mstari, na Madam Jackie akimngojea.

"Haina bima ya mtoto," akasema.

"Ya mkataba huwa haina."

"Basi siwezi kutia sahihi, Madam."

Alishangaa alivyosema kwa utulivu. Madam Jackie akachukua kalamu, akaandika mstari mmoja kwa mkono pembeni ya karatasi, akaweka herufi za jina lake. Uso wake ulikuwa umechoka. Awiti akauliza baada ya miezi sita kutakuwa na nini.

"Sijui," Madam Jackie akasema. "Hata yangu sijui." Lilikuwa jambo la kwanza alilowahi kumwambia kama mtu anavyomwambia mwenzake.

Kadi iliyokuwa imeungua ilirudi imetengenezwa baada ya siku tisa. Awiti alishuka nayo Ngara asubuhi, wakati wenye maduka ya jumla wanafungua, jora za kitambaa zikishushwa mabegani. Alikata uzi wa kikaratasi chake, akatoa kifuniko, akasukuma kadi mpaka iliposhika. Taa zake ziliwaka moja moja kama watu wanaoamka kwenye nyumba moja. Alimpigia Gerishon.

"Naona kijani," Gerishon akasema kutoka kwenye kiti. Tayari alikuwa na sauti ya mtu wa ofisini. "Umemaliza. Rudi."

Awiti hakuondoka. Alikuwa ameitazama ile kadi na swali lake la zamani limerudi kwa sura nyingine. Kijani alishawahi kukiona, hata kadi ilipokuwa haipo.

"Mzee, tuizime hiyo kuu?"

"Nani amesema?"

"Hakuna. Nataka kujua tu."

Gerishon alivuta pumzi. Akasema hilo si la kuamua watu wawili, aende kwanza amuulize mwenye zahanati. Awiti alipanda ngazi, akamkuta Sister Wamucii mlangoni mwa chumba cha kupimia, glavu mkononi. Sister aliuliza kama itaharibu kitu. Awiti alisema haipaswi. Sister alifikiria, akatazama akina mama waliokuwa kwenye foleni, akasema sasa ni heri kuliko usiku, mtu akiwa kitandani. Fanyeni.

Alishuka tena, simu sikioni. "Zima, Mzee."

Alisikia kubofya kule Hurlingham. Mbele yake taa za kadi kuu zilizimika zote kwa pamoja, na kwa muda ambao hakuweza kuupima, taa za ile ya akiba zilibaki zimetulia tu. Kisha kadi ya akiba ikaanza kupepesa, haraka, haraka, kama mikono ya mtu anayepokea mzigo na mwingine anakuja nyuma yake.

Gerishon alikuwa akiita jina lake kwenye simu. Awiti hakumjibu. Alipanda ngazi mbili mbili mpaka kaunta, ambapo msichana alikuwa anasoma namba ya bima ya mama mmoja mjamzito kwenye kompyuta.

"Umeona kitu saa hii?" Awiti akamuuliza, akihema. "Imekwama? Imekatika hata kidogo?"

Msichana aliangalia kompyuta yake, akamwangalia Awiti.

"Kitu gani?"

Awiti akasema hakuna. Aliomba maji ya kunywa, akaenda kuketi kwenye benchi katikati ya wale akina mama, na mmoja wao, alipomwona anavyohema, akasogea kumpa nafasi, akamuuliza mimba yake ni ya miezi mingapi.